Bastola Nyumbani na Sheria ya Kujihami

(Somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa awasomee polepole wale waliokosa kusikiliza.)

Nawaombeni msogee karibu na redio, na mtu mmoja akae na chaki karibu na ubao, maana leo tuna maneno matatu ya kuandika.

Nilikuwa nimetayarisha somo la stakabadhi na risiti, lakini nimeliweka kando kwa ajili ya barua. Barua hii imeandikwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, mzee mwenye duka la rejareja katika mji mdogo. Anasema amejifunza kuandika miaka miwili tu iliyopita, nami nasema mwandiko wake unapendeza kuliko wangu. Jina lake sitalitaja, wala mji wake.

Mzee wetu anaeleza kwamba wezi walivunja nyumba ya jirani yake usiku, wakamkata jirani kwa panga mkononi na kuchukua fedha zote za mauzo. Tangu siku hiyo yeye hapati usingizi. Sasa amekusudia kutafuta bastola. Usiku ataiweka chini ya mto, na mchana ataipachika kiunoni akiwa dukani. Anauliza: "Mimi nikiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mtu akaingia usiku bila ruhusa yangu, je, sheria itanisumbua nikimpiga risasi?" Kisha ameongeza habari za nyumbani kama ilivyo desturi ya barua: mama watoto hajambo, mvua zimechelewa, na kijana wake mkubwa amepata kazi ya utingo wa basi, siku hizi hurudi nyumbani saa nane au saa tisa za usiku.

Swali la mzee ni zuri, nalo si lake peke yake. Kila panapotokea wizi wa nguvu, watu husikika wakisema, "Laiti ningekuwa na bastola." Lakini wengi wetu mambo ya bastola tumeyajua kwa kutazama filamu za Marekani. Katika filamu mtu hufungua mtoto wa meza, akatoa bastola, akampiga mwizi, kisha polisi wakaja kumpa mkono. Yafaa mjue kwamba nchi ile ina sheria yake. Katiba ya Marekani ina nyongeza iliyopitishwa mwaka 1791 inayotaja haki ya watu kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba haki hiyo ni pamoja na kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami. Hiyo ni Marekani. Sisi Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 14, yasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii kwa mujibu wa sheria. Haki ya kuwa na bastola haikutajwa. Anayepewa silaha amepewa ruhusa tu, na ruhusa hunyang'anywa.

Hapa ndipo penye neno letu la kwanza. Andikeni ubaoni: LESENI.

Silaha za raia hapa Tanzania husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1991. Mtu hawezi kununua bastola kama anavyonunua jembe. Sharti aombe kwa polisi, aeleze sababu, achunguzwe tabia na akili zake, na aonyeshe kwamba anajua kuitumia. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao, Sura ya 114, nayo yasema ofisa hatatoa cheti mpaka aridhike kwamba mwombaji ana sababu njema na kwamba kumpa silaha hakutahatarisha usalama wa watu. Tena yataja waziwazi kwamba mlevi na mtu asiye na akili timamu wasipewe. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwaagiza raia wote wenye silaha, hata wale wenye vyeti, waje wachunguzwe upya.

Leseni ni ya mtu, si ya nyumba. Nalikazia jambo hili kwa kuwa wengi hulikosea. Mume akiwa na leseni, mkewe hana. Mzee akisafiri akamwachia kijana wake bastola "alinde mji", amemtia kijana katika kosa, na yeye mwenyewe ametenda kosa. Vilevile baba akifariki dunia, bunduki yake hairithiwi kama baiskeli. Nasema haya kwa sababu najua kuna nyumba ambazo gobole la babu lingali limefungwa kwa gunia juu ya dari. Lile gobole nalo ni silaha. Msiligawane katika kikao cha mirathi. Nendeni mkatoe habari polisi, na anayelitaka aombe leseni yake. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba wa kila mwaka, tangu mwaka 2017, kuwa mwezi wa watu kusalimisha silaha zisizo halali bila kushitakiwa, na serikali yetu imewahi kutangaza msamaha wa namna hiyo. Tangazo likitoka, litumieni.

Na anayenunua bastola kichochoroni, kwa mtu asiyemjua jina? Kosa la kuwa na silaha bila leseni huhesabiwa hapa kwetu pamoja na makosa ya uhujumu uchumi. Watu wamefungwa miaka 20 kwa kosa hilo, na wala hawakumpiga mtu risasi. Mwenye duka aliyenunua bastola ili asipoteze mauzo ya siku moja aweza kupoteza duka zima, na watoto wakakua hayupo.

Haya, tuseme mzee wetu amepata leseni yake kwa halali. Sasa twaja kwenye swali lenyewe. Andikeni neno la pili: KUJIHAMI.

Sheria ya Tanzania Bara iitwayo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina vifungu vinavyohusu jambo hili, namba 18 pamoja na 18A, 18B na 18C. Sheria hii haimwachi mwenye nyumba uchi mbele ya mwizi. Kifungu cha 18A chasema kila mtu ana haki ya kujihami yeye mwenyewe au kumhami mwingine asidhuriwe mwili, na tena ana haki ya kulinda mali yake au mali aliyokabidhiwa. Kwa hiyo jirani yako akivamiwa, ukaenda kumsaidia, sheria iko pamoja nawe.

Lakini kifungu cha 18B chafuata papo hapo, nacho ndicho chenye neno letu la tatu: KADIRI. Chasema mtu atumie nguvu ya kadiri tu, ile inayohitajiwa kwa kujihami. Akizidisha, atajibu kwa kosa lililotokana na kule kuzidisha. Na ikiwa mtu amekufa kwa sababu nguvu ilizidi, aliyeua ana hatia ya kuua bila kukusudia. Msidhani hilo ni kosa dogo kwa sababu ya yale maneno "bila kukusudia". Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Sasa mtu atauliza, kadiri ni kiasi gani? Haina kibaba wala mizani. Jaji hutazama hali ilivyokuwa usiku ule: wezi walikuwa wangapi, walikuwa na nini mikononi, ulikuwa mbali nao kiasi gani, kulikuwa na njia nyingine? Kifungu cha 18C kinakubali kwamba mara nyingine mtu anayejihami aweza kuua na asiwe na kosa. Lakini sharti awe aliamini kwa moyo safi, tena kwa sababu zenye maana, kwamba tendo lile lilikuwa la lazima. Kimetaja hali zenyewe: mtu anapoogopa kuuawa au kuumizwa vibaya, anapotaka kubakwa au kutekwa, anapovunjiwa nyumba, anaponyang'anywa kwa nguvu, anapochomewa nyumba moto.

Wengine wakisikia "kuvunjiwa nyumba" huishia hapo, wakafunga kitabu. Rudini nyuma kidogo. Ni "sababu zenye maana" na "tendo la lazima". Kuvunjiwa nyumba peke yake si cheti cha kuua.

Tuchukue mifano ya kwetu. Watu watatu wenye mapanga wameshavunja mlango, wamesimama chumbani kwako, mmoja anamwinulia mkeo panga. Hapo ukiwa na silaha ya halali ukaitumia, mimi simwoni hakimu atakayekulaumu upesi. Geuza mfano. Kijana mmoja yuko uani, ameshika kuku wawili wa mama, nawe umemwona kwa dirishani. Amekukosea, ni mwizi, lakini kuku hawalipwi kwa roho ya mtu. Geuza tena. Wale watatu wenye mapanga wamesikia kelele zako, wamedondosha redio, wanakimbia. Umewafuata hadi barabarani, ukampiga mmoja risasi ya mgongo. Hapo waona ulijihami na nini? Hatari ilikuwa imekwisha. Lililobaki ni hasira, na sheria haikutoa haki ya hasira.

Uingereza kulitokea kesi ya namna hiyo. Mwezi wa Agosti mwaka 1999 mkulima mmoja wa Norfolk, Tony Martin, ambaye nyumba yake ilikuwa peke yake mashambani, aliwapiga risasi vijana wawili walioingia usiku kuiba. Mmoja, mwenye umri wa miaka 16, alipigwa mgongoni akafa. Bunduki yenyewe haikuwa na leseni. Mwaka 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua makusudi, akahukumiwa kifungo cha maisha. Baadaye kosa lilipunguzwa kwa sababu ya ugonjwa wa akili, akatoka mwaka 2003. Watu wa nchi ile walibishana sana juu yake, na wengi walimhurumia. Huruma ya watu haikumzuia kwenda gerezani.

Lakini kesi ninayotaka tuikalie leo ni ya Afrika Kusini. Huko nako wizi wa majumbani ni mwingi, na sheria yao ya silaha ya mwaka 2000 ina leseni maalumu ya kujihami. Mwombaji huonyesha kwamba ana haja ya kujilinda, na kwamba hawezi kujilinda kwa njia nyingine. Hupewa silaha moja tu kwa leseni hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya huko ilisema waziwazi kwamba kuwa na bunduki si haki ya msingi ya mtu.

Katika nchi hiyo alikuwako mkimbiaji mashuhuri, Oscar Pistorius, aliyekatwa miguu yote miwili akiwa mtoto mchanga. Alikimbia kwa miguu ya bandia hata akashiriki Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Alikuwa na bastola ya milimita 9 kwa leseni ya halali, naye alisema aliogopa sana wezi. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari, 2013, kwa maelezo yake mwenyewe, alisikia sauti ya dirisha la bafu. Alidhani mwizi ameingia. Akachukua bastola iliyokuwa chini ya kitanda, akaenda gizani mpaka bafuni, hali hana miguu yake ya bandia. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa. Akapiga risasi nne katika mlango ule. Ndani ya choo alikuwamo Reeva Steenkamp, mpenzi wake, ambaye alikuwa amelala naye chumba kimoja. Akafa.

Upande wa mashtaka ulisema walikuwa wamegombana na alijua ni yeye. Jaji wa kwanza, Bibi Thokozile Masipa, mwaka 2014 hakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, akamtia hatiani kwa kuua kwa uzembe na kumpa kifungo cha miaka mitano. Kesi ikaenda Mahakama ya Rufani, nayo mwezi wa Desemba mwaka 2015 ikasema ni kuua makusudi. Sikilizeni sababu zake, maana ndizo somo lenyewe. Mahakama ilisema si kitu kama alijua ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango. Alijua pana mtu. Alijua choo ni kidogo, hakuna mahali pa kujificha. Mtu apigaye risasi nne mahali kama hapo lazima ajue kwamba aliyemo aweza kufa. Na kujihami hakukuwako, kwa kuwa mtu yule hakumshambulia wala hakuonekana, na mlango haukufunguliwa. Alikuwa hajui hata kama kweli kuna hatari. Kifungo kikawa miaka sita, na mwaka 2017 kikaongezwa kufika miaka 13 na miezi mitano. Alitoka gerezani kwa masharti mwezi wa Januari mwaka 2024.

Mtu huyu alikuwa na leseni. Alikuwa ndani ya nyumba yake. Ulikuwa usiku. Yote matatu aliyoyataja mzee wetu katika barua yake, yeye alikuwa nayo.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, nchini humo humo, mtu mmoja aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya mpira wa raga aliona gari lake likiondoka alfajiri. Akadhani laibiwa, akapiga risasi. Aliyekuwa akiliendesha ni binti yake wa miaka 19. Waendesha mashtaka waliamua wasimshitaki. Sheria ilimwachia, akaenda kuzika.

Turudi sasa kwenye mto wa kitanda. Afrika Kusini kanuni ni nyepesi kukumbuka: silaha ama iko mwilini mwako chini ya mkono wako mwenyewe, ama imefungwa ndani ya kasha la chuma. Hakuna mahali pa tatu. Hapa kwetu pia sheria humtaka mwenye leseni aitunze silaha mahali salama, isifikiwe na mtu mwingine. Chini ya mto si mahali salama. Mtoto hutandika kitanda, mtumishi hufagia, na mwizi mwenyewe, akiingia mchana wakati nyumba ni tupu, mahali pa kwanza kupapasa ni hapo. Ikipotea, katoe habari polisi siku hiyo hiyo. Na tukisema iwekwe katika kasha lenye kufuli, mtatambua wenyewe tatizo: wezi wameshaingia chumbani, nawe watafuta ufunguo. Ni kweli. Ndiyo maana watu wenye bastola huishia kuilaza pasipo halali, na hilo sina dawa yake.

Kiunoni dukani, je? Mwenye leseni aweza kuchukua silaha yake kwa masharti ya leseni hiyo, lakini haifai kuionyesha. Mdeni akikawia kulipa, ukaweka mkono kwenye bastola, au ukaitaja tu, umekwisha kumtisha kwa silaha, na kesi hiyo ni yako wewe. Pia duka hukusanya watu. Risasi ya bastola hupita ubao na bati, na haijui nani mteja.

Na ikiwa, Mungu aepushe, mtu amepiga risasi? Apige simu 112, au amtume mtu mbio kituoni. Aliyejeruhiwa apelekwe hospitali hata kama ni mwizi. Vitu visiguswe. Asimwekee maiti panga mkononi ili ionekane alikuja na silaha; watu hufanya hivyo, na wapelelezi wanalijua. Polisi watamshika na kumwuliza, hata kama alijihami kweli, kwa kuwa mtu amekufa na lazima ijulikane kwa nini. Asikasirike. Atafute wakili mapema, na asiye na fedha aulize habari za msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017. Mimi ni mwalimu, si wakili, na maneno yangu ya redioni hayatamsimamia mtu mahakamani.

Mzee wangu uliyeniandikia, shikamoo. Hofu yako naielewa, na sikucheki. Jirani aliyekatwa mkono si hadithi. Ukitaka kuomba leseni, nenda polisi wa wilaya yako, sheria haikukatazi kuomba. Lakini wakati unangoja jibu, tia komeo la chuma ndani ya mlango, weka taa nje, fedha za mauzo zisilale nyumbani bali ziende benki au kwenye simu kila jioni, na mkubaliane na majirani filimbi ya kuitana. Wezi wa jirani yako walifuata fedha.

Tena barua yako ina mstari mmoja mwishoni, nami nimeusoma mara tatu. Umeandika kwamba kijana wako hurudi saa nane au saa tisa za usiku. Nataka uketi naye kesho mchana, mkubaliane namna atakavyobisha hodi na jina atakaloita kabla ya kugusa mlango. Mkubaliane pia atafanya nini siku akisahau.

Walimu, sasa zimeni redio. Wanafunzi wasome maneno matatu ya ubaoni, kisha wajadiliane mfano wa mwizi anayekimbia: ni wakati gani hasa ile haki ya kujihami ilikwisha? Andikeni majibu yenu mkayalete kwa barua. Wiki ijayo, inshallah, tutasoma stakabadhi na risiti. Kwaherini.